Utani Uliokosa Mkia

Kila Jumatano, kwa miaka mingi, Siaka Kante alikuwa akimkamatisha rafiki yake kwa askari wa kizuizi cha barabarani, na kila Jumatano askari walimwachia wakicheka.

Siaka alikuwa mhunzi wa kijiji cha Nyentala, mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono minene kama miguu ya watu wengine. Rafiki yake aliitwa Bureima Sidibe, Mfulani, mfuga ng'ombe, mrefu na mwembamba kama fimbo yake mwenyewe. Mhunzi na Mfulani ni watani tangu mababu wa mababu. Inasemwa damu zao zilikula kiapo: mhunzi hawezi kusimama akatazama damu ya Mfulani ikimwagika, wala Mfulani ya mhunzi. Atakayethubutu, moto utamkataa, na maziwa yatamkaukia. Lakini kiapo chenyewe hakizungumzwi. Kinachozungumzwa ni matusi.

Basi kila Jumatano walipanda mkokoteni wa punda kwenda sokoni, Siaka na majembe yake, Bureima na vibuyu vyake vya maziwa na siagi. Walipofika kizuizini, Siaka alisimama juu ya mkokoteni akapiga kelele:

"Afande! Mkamateni huyu! Mwizi huyu!"

"Leo ameiba nini?" aliuliza sajini, huku ameshaanza kutabasamu.

"Usiulize leo! Miaka ishirini anaiba! Ng'ombe wa watu, mbuzi wa watu, hata jogoo wa imamu hakumwacha!"

Hapo Siaka alinyamaza. Alijifuta jasho polepole, akamtazama sajini, akamtazama Bureima, akatikisa kichwa kama mtu mwenye msiba. Kisha ndipo:

"Na kwa wizi wote huo, chumvi bado anaazima kwangu!"

Askari walicheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza. Naye Bureima alisema kwa upole, "Msamehe mtumwa wangu, afande. Jua limemwingia kichwani. Mtu akikaa na moto siku zote, ubongo unaiva."

Kamba ya kizuizi ikashushwa, punda akapita.

Utani huo Siaka alifundishwa na marehemu baba yake, si maneno yake, bali namna yake. Baba yake alikuwa akisema hivi: "Utani ni mnyama anayetoka kichakani. Kwanza unaona pembe, moyo unaruka. Halafu unaona mkia, kumbe ni mbuzi. Pembe bila mkia si utani, mwanangu. Hiyo ni vita. Kwa hiyo waonyeshe pembe, wacheleweshe kidogo, lakini mkia usiusahau."

Siaka hakuwahi kuusahau. Kilichomponza siku ile ni kwamba hakupewa nafasi ya kuutoa.

Mambo yalikuwa yamebadilika tangu mvua za mwaka uliopita. Vijiji viwili vya upande wa mashariki vilichomwa. Waliovichoma hawakujulikana, ila watu walikwisha kuamua. Wafulani walianza kutazamwa kwa jicho jingine. Bureima aliacha kuvaa kofia yake ya ngozi na ukindu, ile ndefu yenye ncha, akawa anajifunga kilemba tu kama mtu yeyote. Siaka alimcheka. "Umeficha kofia, pua je? Pua hiyo utaifunika na nini?"

Asubuhi ya Jumatano ile, kabla hawajapanda mkokoteni, Bureima alimshika mkono.

"Siaka. Leo pale kizuizini usiniite mwizi."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Leo tuache."

"Nikiacha kukuita mwizi, sajini atadhani tumegombana. Atanihoji mimi." Siaka akapanda. "Mfulani mwoga wewe, unaogopa hata kivuli cha ng'ombe wako."

Bureima akapanda naye.

Kosa la Siaka lilikuwa moja. Gurudumu la kushoto lilikuwa linalia, na njia nzima macho yake yalikuwa kwenye gurudumu. Walipofika kwenye kamba yenye vitambaa vyekundu, alisimama kwa mazoea, jua likiwa usoni mwake, akafungua mdomo kabla ya kufungua macho.

"Afande! Mkamateni huyu! Mwizi huyu! Miaka ishirini anaiba! Ng'ombe wa watu, mbuzi wa watu..."

Aliona mikono. Mikono miwili ikamshika Bureima kilemba, mingine miwili ikamshika mguu, na Bureima akashuka kutoka kwenye mkokoteni kama gunia. Kibuyu kikapasuka. Maziwa yakaenda mchangani.

Ndipo Siaka alipotazama. Sajini hakuwepo. Hapakuwa na askari hata mmoja anayemfahamu. Palikuwa na vijana wawili, mmoja amevaa suruali ya jeshi na fulana ya timu ya mpira, mwingine ana hirizi shingoni na mkanda wa risasi begani. Bunduki zao zilikuwa mpya. Walikuwa wamemlaza Bureima kifudifudi, na yule wa hirizi alikuwa anamfunga mikono kwa kilemba chake mwenyewe.

"...na chumvi bado anaazima kwangu," Siaka akamalizia.

Hakuna aliyecheka. Maneno yale yalimtoka na kuanguka miguuni pake. Akajisikia kama mtu aliyepiga chuma kilichopoa.

"Ni utani, jamani. Ni mtani wangu. Mimi mhunzi, yeye Mfulani. Mnajua wenyewe."

"Umesema ni mwizi wa ng'ombe," alisema yule wa hirizi.

"Nimesema, ndiyo, lakini..."

"Umesema miaka ishirini."

"Lakini sikumaliza!"

"Kwani kuna zaidi?"

Siaka aliona kwamba kila neno lilikuwa pembe, na kila akisogea pembe zinaongezeka.

Wakawapeleka kwenye kibanda cha nyasi kando ya barabara. Ndani yake, juu ya kinu kilichopinduliwa, alikuwa ameketi mkubwa wao. Mtu wa miaka thelathini hivi, uso mkavu, koti la jeshi lisilo na vifungo, macho mekundu ya mtu asiyelala. Magotini pake alilaza gobore la zamani, la kuwindia. Ni ajabu, Siaka alifikiri, vijana wana bunduki mpya na mkubwa ana gobore. Lakini hakukaa na wazo hilo, hofu ilikuwa imejaa kifuani, nafasi ya mawazo haikuwepo.

"Jina," mkubwa alimwambia Bureima.

"Bureima."

"La ukoo."

Uso wa Bureima ulikuwa na mchanga upande mmoja. "Sidibe."

Mkubwa akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa bei aliyoitegemea. Akamgeukia Siaka.

"Na wewe?"

"Siaka Kante, mkubwa. Mhunzi wa Nyentala. Majembe ya tarafa hii yote, nusu yametoka mkononi mwangu." Akajilazimisha kutabasamu. "Na wewe, mkubwa, ukoo wako nani?"

Hivyo ndivyo watu wanavyosalimiana. Ukishajua ukoo wa mtu, unajua umshike wapi. Kuna ukoo utauita watumwa wako, kuna ukoo utauita wajomba, kuna ukoo utauheshimu. Hakuna mgeni asiyekuwa na mlango, na ukoo ndio mlango wenyewe.

"Hapa barabarani," alisema mkubwa, "mimi sina ukoo."

Mtu asiye na ukoo hana mtani. Na asiye na mtani hana wa kumwambia hapana.

"Ni utani tu, mkubwa," alisema tena. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine, nyembamba. "Kila Jumatano nasema hivyo. Muulize sajini aliyekuwa hapa."

"Sajini amehamishwa." Mkubwa alikuwa anasema taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Sasa nisikilize, mzee. Watu wa huyu walipokuja kwetu mara ya kwanza, walikuja watatu, mchana. Walitutania. Mmoja akatuita watumwa wake, tukacheka, tukampa maji ya kunywa. Alipokuwa anakunywa alikuwa anahesabu zizi kwa macho. Waliporudi hawakuja na utani. Kwa hiyo mimi utani siusikii tena. Nasikia maneno. Wewe umesema mwizi wa ng'ombe. Basi."

"Lakini huyu hajawahi hata..."

"Mpelekeni nyuma ya kichuguu," mkubwa aliwaambia vijana. Kisha kwa Siaka, kwa heshima kabisa: "Wewe mzee nenda sokoni. Asante kwa taarifa."

Asante kwa taarifa. Vijana walimwinua Bureima kwa kwapa. Bureima hakupiga kelele, hakuomba. Alimtazama Siaka mara moja tu. Hayakuwa macho ya lawama, na ingekuwa afadhali yangekuwa. Yalikuwa macho ya mtu anayeangalia kama mlango umefungwa.

Kichuguu kilikuwa hatua arobaini. Chekundu, kirefu kuliko mtu.

Mkokoteni ulikuwa pale pale, punda ametulia, njia ya sokoni iko wazi. Kamba ilikuwa imeshushwa kwa ajili yake. Mkojo ulimbana Siaka. Miguu yake ilitaka kwenda, tusidanganyane, miguu ilitaka, na mmoja ulishapiga hatua. Akawaza: nikienda nitakuwa hai saa sita mchana. Akawaza: kisha jioni Kumba, mke wa Bureima, atakuja mlangoni na bakuli, atauliza mumewe yuko wapi, nami nitamwambia nini? Nilimkamatisha?

Mguu ukarudi.

Alipogeuka, macho yake yakaanguka kwenye gobore. Labda kwa sababu alikuwa mhunzi, na mhunzi hata akipelekwa kunyongwa atatazama mnyororo umeungwa vipi. Kitako cha gobore kilikuwa kimepasuka zamani, kikafungwa kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, na juu ya ngozi palikuwa na misumari mitatu ya shaba. Haikupangwa kwa mstari. Ilipangwa kama mafiga, miwili chini, mmoja juu.

Hakuna mhunzi mwingine anayepiga misumari namna hiyo.

"Mkubwa," alisema Siaka. "Wewe umesema huna ukoo. Lakini hilo gobore lina ukoo."

Mkono wa mkubwa ulitulia juu ya kitako.

"Hayo mafiga ni yangu. Nimeyapiga mimi, mwaka ule nzige walipokuja. Gobore hilo ni la mwindaji wa Dugukuna, mzee mmoja mwenye pengo hapa mbele. Nci." Alivuta pumzi. "Nci Kulibali. Na gobore la mwindaji hurithiwa na mwanawe."

Kule karibu na kichuguu vijana walikuwa wamesimama kusikiliza. Jina la Kulibali, katika nchi ile, mtu halisikii akabaki vilevile. Ukoo huo ni mtani wa kila mtu, na kila mtu anajua unachoitwa. Siaka alijua akilitamka neno lenyewe hakuna kurudi. Kama mtu huyu bado yumo ndani ya mila, litamgusa. Kama ametoka, basi vichuguu viko vingi, na cha Siaka kitapatikana.

"Mla kunde," alisema.

Nzi walilia juu ya maziwa yaliyomwagika.

"Rudia," alisema mkubwa.

"Mla kunde. Mtoto wa mla kunde, mjukuu wa mla kunde. Nyumbani kwenu paka anakula kunde." Jasho lilikuwa linamchuruzika mgongoni hadi kiunoni. "Nilipomwona baba yako anaingia karakanani kwangu nilijua siku imeharibika. Alikuwa ametoka kwake na sufuria zima la kunde."

Akanyamaza kidogo, kwa mazoea.

"Na hakulibeba mkononi. Alilibeba tumboni."

Mkubwa akasimama. Polepole akaliinua gobore, na mtutu ukapanda, ukapita magoti ya Siaka, ukapita mkanda wake, ukasimama mbele ya kifua. Siaka aliuona ndani yake, mweusi, duara. Aliujua mtutu huo. Aliusafisha yeye mwenyewe. Alijua kitu kikitoka mle kinafanya nini.

"Endelea," alisema mkubwa.

"Nikalifungua gobore." Ulimi ulikuwa mzito kama ngozi mbichi. "Mtutu nikaweka huku. Kitako kule. Kifyatulio nikakiweka juu ya fuawe. Baruti hakuna, risasi hakuna. Vipande vitupu. Mzee ameketi kwenye kigoda nyuma yangu, ametulia kama imamu. Kimya. Nikainama kupuliza vumbi..."

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kuchelewa. Siaka alichelewa.

Kisha akataka kutoa mkia, na mkia haukuja.

Haikuwa kwamba amesahau. Hadithi hiyo alikwisha kuisimulia mara mia. Lakini koo lilifunga. Mate yalikuwa yamekwisha, ulimi umeshikana na kaakaa, na mtutu ule mweusi ulikuwa unamtazama. Alifungua mdomo, akafunga. Akafungua. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mvukuto uliotoboka.

"Ukainama," alisema mkubwa. "Halafu?"

Siaka alitikisa kichwa. Machozi yalimjia. Baba yake alikuwa amemwambia mkia usiusahau, lakini hakumwambia afanyeje ukimkwama. Kidole cha mkubwa kilisogea.

"Gobore likalia!"

Sauti ilitoka kule kwenye kichuguu. Ilikuwa ya Bureima. Alikuwa amepigishwa magoti, mikono nyuma, kichwa kimeinamishwa, na alikuwa anaongea na mchanga, lakini kwa nguvu.

"Vipande vipande, na bado likalia! Mhunzi akaruka, akaangusha koleo, akajishika kifua: 'Nimekufa! Nimekufa jamani, mwiteni mke wangu!' Akaanguka kwenye mkaa. Mzee Nci hata hakusimama. Akamwambia: 'Inuka, Kante. Hiyo ya kunde haiui. Inafukuza tu.'"

"Mimi nilikuwepo," Bureima aliongeza, sauti sasa ikitetemeka. "Nilikuwa nimekuja kuazima chumvi."

Yule kijana wa hirizi alitoa sauti puani. Alijaribu kuizuia kwa kiganja, ikampita. "Chumvi," alisema. "Kumbe kweli anaazima chumvi." Kisha kicheko kikampasuka kama kibuyu, akainama, bunduki ikimyumba begani. Mwenzake alimtazama mkubwa kwa hofu, hakujua acheke au asicheke.

Mkubwa hakucheka. Mtutu ulikuwa bado kwenye kifua cha Siaka.

"Ndivyo alivyosema?" aliuliza. "Inafukuza tu?"

Siaka aliitikia kwa kichwa.

"Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo," alinong'ona Siaka. "Na pengo lake. Alikuwa anapuliza upepo akisema 'inafukuza'."

Mtutu ukashuka. Mkubwa akaketi tena juu ya kinu, kwa uzito, na mabega yake yakaanza kutikisika. Siaka hakuweza kujua ni kicheko au kilio, na nadhani mkubwa mwenyewe hakujua.

"Walimuua mwezi wa pili wa mvua," alisema baadaye, akijifuta macho kwa mkono wa koti. "Alikuwa mlangoni pa zizi na gobore hili. Tulimzika watu sita. Barabara zote zilikuwa zimefungwa. Mtani hata mmoja hakuja. Hakuna aliyelala kaburini akatuzuia tusizike. Hakuna aliyevaa nguo zake akamwiga anavyotembea. Hakuna aliyemwita mla kunde. Tulimfukia kimya, kama mtu asiyejulikana na mtu." Akaupapasa msumari wa juu. "Nimekaa miezi yote hii nikisikia ule ukimya."

Siaka alitaka kusema pole. Akajizuia. Pole si kazi ya mtani.

"Kama ningekuwepo," alisema, "ningelala kaburini nisitoke mpaka mnipe kunde zote za ghala."

"Tungekufukia nazo."

"Ningekula nikatokea upande wa pili."

Hapo mkubwa alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Akanyoosha kidole kwenye kichuguu. "Mfungueni."

Yule wa hirizi akamfungua Bureima. Bureima alisimama, akakaa, akasimama tena. Suruali yake ilikuwa imelowa mbele. Hakuna aliyeitania hiyo.

"Na wewe, mhunzi," alisema mkubwa. "Gobore hili linavuta kushoto. Tangu ulitengeneze."

Siaka alielewa anachoombwa. "Halivuti kushoto," alisema. "Ni kunde zinakusukuma."

Walicheka wote watatu, hata yule wa fulana. Siaka naye alicheka kwa sababu hakuthubutu kutocheka. Kicheko kilipokwisha mkubwa aliwasindikiza hadi kwenye mkokoteni, akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama Bureima:

"Keshokutwa tunabadilishwa. Watakaokuja siwajui ukoo wao, na magobore hawana. Sidibe, usipite tena barabara hii. Na wewe Kante, lile neno ulilokuja nalo asubuhi, lizike."

"Nimelizika."

"Lizike mbali."

Hawakwenda sokoni. Siaka alimgeuza punda. Hatamu zilimpiga punda mgongoni bila yeye kutaka, na punda akawa anakimbia, gurudumu likilia njia nzima. Waliposhuka bonde la kwanza na kizuizi kikapotea, Siaka alisimamisha mkokoteni, akashuka, akatapika kando ya njia.

Bureima alimngoja. Alikuwa anasugua vifundo vya mikono.

"Nilikuambia leo usiniite mwizi," alisema.

"Uliniambia."

"Mkia ulichelewa."

"Walikuwa na haraka."

Siaka akapanda, wakarudi Nyentala.

Bureima hakuja karakanani siku ya pili, wala ya tatu. Siaka alifua majembe akayaharibu, akayarudisha motoni, akayaharibu tena. Usingizi ukimchukua aliona duara jeusi. Watu wakamuuliza Mfulani wake yuko wapi, akasema ng'ombe wake wana ugonjwa. Alifikiri kwenda kwake. Lakini angesema nini? Kila neno alilokuwa nalo kwa Bureima lilikuwa tusi, na matusi yote sasa aliyaogopa kama mtu anavyoogopa kisu alichomkata nacho mtoto wake.

Siku ya nane, alasiri, kivuli kirefu kikaingia mlangoni. Bureima alikuwa ameshika bakuli.

"Kumba anaomba chumvi."

Zamani Siaka angepiga kelele mpaka nyumba ya tatu isikie: Mwizi huyo! Mfungieni milango! Aliweka nyundo chini. Akainuka, akaenda mlangoni, akachungulia kulia, akachungulia kushoto. Pikipiki ilikuwa inakuja kutoka upande wa barabara kuu, ina watu wawili, nyuso zimefunikwa kwa vitambaa kwa ajili ya vumbi. Labda kwa ajili ya vumbi. Akarudi ndani, akasimama ukutani. Bureima naye akasogea ukutani bila kuambiwa, bakuli kifuani.

Siaka akainamisha mdomo karibu na sikio la mwenzake.

"Mwizi amekuja," alinong'ona.

"Nimekuja, mtumwa wangu," alinong'ona Bureima.

Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wakisikiliza pikipiki. Ilipita mbele ya mlango, ikapunguza mwendo kwenye korongo, ikaongeza, ikaenda. Walisubiri mpaka isisikike kabisa, ndipo wakacheka.